UMBALI, MWENDO NA SAA: Uhakiki wa Istilahi za Safari ya Ndege Baina ya Masasi, Nachingwea na Mtwara

1. Utangulizi

Mtu aliyeko Lukuledi, wilayani Masasi, yuko baina ya viwanja viwili vya ndege. Kusini kwake kiko kiwanja cha Masasi, katika Mkoa wa Mtwara. Kaskazini kwake kiko kiwanja cha Nachingwea, ambacho tangu mwaka 1971, ulipoundwa Mkoa wa Lindi, kimo katika mkoa mwingine. Mbali zaidi, upande wa mashariki na pwani, kiko kiwanja cha Mtwara. Mtu huyo akiuliza ni umbali gani kutoka kiwanja kimoja hadi kingine, na ndege huchukua muda gani, atakuwa ameuliza swali jepesi. Lakini majibu tunayoyakuta katika maandishi ya Kiswahili, hasa yale yaliyofasiriwa, aghalabu humwacha msomaji njia panda.

Makala haya yanakusudia kuyahakiki maneno yanayotumika katika majibu hayo: umbali, mwendo, masafa, kuruka, saa, kiwanja na mkoa. Hatukusudii kumlaumu mfasiri yeyote. Tunakusudia kuonyesha kwamba kila mojawapo ya maneno haya ni zuri mahali pake, ila likihamishiwa mahali pa jirani yake huleta hasara inayoweza kuhesabiwa kwa kilomita, kwa dakika na hata kwa shilingi.

2. Umbali mmoja au umbali mara tatu?

Tuanze na sentensi tuliyoiunda kwa mfano wa nyingi zinazoandikwa: "Umbali kati ya Masasi na Mtwara ni kilomita 160." Sentensi hii ni kweli. Mstari ulionyooka kutoka kiwanja cha Masasi hadi kiwanja cha Mtwara una urefu wa takriban kilomita 160. Mwandishi mwingine ataandika kwamba umbali huo ni kilomita 200, naye atakuwa amesema kweli, kwa sababu ndio urefu wa barabara ya lami inayopitia Mingoyo. Wa tatu ataandika kilomita 210, na wala hatakuwa mwongo, maana ndiyo njia inayopanda uwanda wa juu wa Makonde na kupita Newala na Tandahimba.

Hapa neno moja limebebeshwa mizigo mitatu. Msomaji anayeziona tarakimu hizi katika vitabu vitatu atadhani kwamba wawili kati ya waandishi wamekosea. Mwalimu atakayewapa wanafunzi hesabu ya mwendokasi, yaani umbali kugawanywa kwa muda, hatajua agawanye tarakimu ipi. Na mtumishi wa serikali anayejaza fomu ya madai ya safari, iwapo fomu imeandika "umbali" bila kufafanua, aweza kulipwa kwa kilomita 160 ilhali gari lake limetembea kilomita 200. Hizo kilomita 40 zimepotea katika neno, hazikupotea njiani.

Baina ya Masasi na Nachingwea jambo hili halionekani. Mstari ulionyooka ni kama kilomita 42 na barabara inayopita Lukuledi ni kama kilomita 45, kwa kuwa nchi yenyewe haimlazimishi msafiri kuzunguka sana. Ndiyo maana wapo wanaosema kwamba tofauti hii ni ya kutafutwa na kwamba muktadha hutosha. Muktadha hutosha pale ambapo nchi ni tambarare. Panapokuwa na uwanda wa juu wenye kingo kali kama ule wa Newala, muktadha humdanganya msomaji.

Tunapendekeza kwamba katika maandishi ya usafiri neno umbali liwekewe maana ya mstari ulionyooka baina ya nukta mbili, na kwamba kwa barabara, reli au njia ya ndege yenye kona litumike urefu wa njia. Hivyo mfasiri ataandika: "Umbali baina ya Masasi na Mtwara ni kilomita 160; urefu wa njia ya barabara kwa kupitia Mingoyo ni kilomita 200." Hakuna neno jipya lililobuniwa hapa. Kilichofanyika ni kulipa kila neno zamu yake.

3. Mwendo: kipimo cha wazee

Wapo waliojaribu kuliepuka tatizo hili kwa kutumia neno mwendo. Neno hili lina historia ndefu katika nchi tunayoizungumzia. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere, ambaye miaka sita kabla ya hapo alikuwa amechapisha kitabu chake cha sarufi na msamiati wa Kiswahili, aliwaongoza watumwa waliokombolewa kutoka pwani ya Lindi hadi Masasi, wakaanzisha makazi huko. Safari za namna ile zilihesabiwa kwa siku na kwa vituo. Hata neno kituo lenyewe linatokana na kutua, yaani kuuweka mzigo chini. Mtu alisema "mwendo wa siku tano" akimaanisha umbali na muda kwa pamoja, wala hakuona haja ya kuvitenganisha.

Kipimo hiki kilikuwa na busara yake. Kabla ya maji ya bomba, wanawake wa uwanda wa juu wa Makonde walilazimika kushuka kingo za uwanda kufuata maji mabondeni, kisha kupanda nayo kichwani. Njia ilikuwa moja na urefu wake ulikuwa mmoja, lakini mwendo wa kushuka na mtungi mtupu haukuwa sawa na mwendo wa kupanda na mtungi uliojaa. Anayesema "mwendo" anatuambia gharama ya safari, jambo ambalo kilomita hazitwambii.

Hata hivyo, katika lugha ya kitaalamu neno hili sasa limeelemewa. Mwendo ni namna ya kwenda, ni tabia, ni umbali, na kwa watu wengi ni kasi pia: "gari lilikuwa katika mwendo mkali." Iwapo mfasiri ataandika "mwendo wa ndege kutoka Masasi hadi Mtwara," msomaji hatajua kama anaambiwa kilomita, dakika au kilomita kwa saa. Kwa hiyo tungependa mwendo libaki katika fasihi na katika mazungumzo, na mwendokasi, ambalo tayari limekaa katika vitabu vya shule, lishike kazi ya kasi.

4. Masafa na hatari yake

Neno masafa, lililotujia kutoka Kiarabu, lilikuwa jina zuri la umbali, hasa umbali mkubwa. Lakini watu wa redio wamelichukua. Leo msikilizaji akiambiwa "masafa" hufikiria mahali pa kuitafuta stesheni. Matumizi yote mawili yana haki yake, na katika maandishi mengi hayagombani.

Katika usafiri wa ndege hugombana. Rubani anayekaribia Mtwara anahitaji kujua mambo mawili kwa wakati mmoja: yuko mbali kiasi gani na kiwanja, na azungumze na mwongozaji wa ndege kwa mawimbi yapi ya redio. Mwongozo unaotumia "masafa" kwa yote mawili haufai kusomwa na mtu aliye na haraka. Kwa kuwa matumizi ya redio yameshika mizizi, ni afadhali masafa liachiwe redio katika uwanja huu. Ipo maana moja tu ya pili tunayoweza kuiruhusu, nayo ni ule upeo ambao ndege huweza kuufikia kwa mafuta iliyonayo. Hapo pia tungemshauri mfasiri aandike kwa ukamilifu: upeo wa safari ya ndege.

Pamoja na hayo lipo suala la kipimo chenyewe. Kilomita 160 ni karibu maili 100 za nchi kavu, lakini ni kama maili 86 tu za bahari. Maili ya bahari, yenye mita 1,852, ndiyo inayotumika katika uongozaji wa ndege duniani, na maili ya nchi kavu ina mita 1,609 hivi. Mfasiri anayekuta tarakimu 86 katika hati ya safari ya ndege akaandika "maili 86" bila zaidi, amempunguzia msomaji wake zaidi ya kilomita 20, kwa sababu maili anayoijua msomaji ni ile ya barabarani. Neno bahari katika "maili ya bahari" lisiachwe hata kama ndege yenyewe haipiti baharini.

5. Muda wa kuruka, au muda wa nini?

Tunafika sasa kwenye istilahi ambayo, kwa maoni yetu, imefasiriwa vibaya kuliko zote. Kwa Kiingereza muda ambao ndege huchukua katika safari una jina la maneno mawili, na wafasiri wengi wamelihamisha neno kwa neno wakapata "muda wa kuruka." Tafsiri hii ina kasoro mbili.

Kasoro ya kwanza ni ya Kiswahili. Ndege huruka mara moja, pale inapoiacha ardhi. Tangazo likisema "ndege itaruka saa mbili," kila mtu anafahamu kwamba hiyo ndiyo dakika ya kuondoka. Kwa hiyo "muda wa kuruka" husomeka kama wakati wa kuondoka, wala si urefu wa safari. Abiria aliyeambiwa "muda wa kuruka ni nusu saa" ana haki ya kudhani kwamba ndege itaondoka baada ya nusu saa.

Kasoro ya pili ni ya maana. Kwa mujibu wa kanuni za Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, lililozaliwa na Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, muda huu huanza kuhesabiwa pale ndege inapoanza kusogea kwa nia ya kuruka, nao huisha pale inaposimama kabisa mwishoni mwa safari. Maana yake ni kwamba dakika za kutembea ardhini, kabla ya kuruka na baada ya kutua, zimo ndani yake. Kwa kipimo hicho huhesabiwa saa za kazi za rubani.

Tuchukue ndege ndogo yenye mwendokasi wa kilomita 300 kwa saa. Kutoka Masasi hadi Nachingwea, kilomita 42, hesabu ya darasani hutoa dakika nane na ushei. Ukiongeza kupaa, kushuka na kuzunguka kukielekea kiwanja, tuseme ndege itakuwa angani dakika 12. Ukiongeza tena dakika nane za kutembea ardhini katika viwanja vyote viwili, utapata 20. Basi ni nane, ni 12, au ni 20? Jibu linategemea umeuliza nini, na "muda wa kuruka" haliwezi kutofautisha. Katika safari fupi kama hii kosa la istilahi ni kubwa kuliko safari yenyewe.

Tunapendekeza istilahi tatu zilizo wazi. Muda wa kuwa angani uhesabiwe tangu magurudumu kuiacha ardhi hadi kuigusa tena. Muda wa safari ya ndege uhesabiwe kama kanuni za kimataifa zinavyosema. Muda wa safari, bila neno ndege, uwe ule wa msafiri mwenyewe tangu mlangoni kwake hadi aendako. Huu wa tatu ndio umsumbuao raia. Mtu wa Lukuledi anayekwenda Mtwara kwa ndege atahitaji, tuseme, nusu saa kufika kiwanja cha Masasi, saa nzima ya kungojea, dakika 45 za safari ya ndege, na dakika 20 za kuingia mjini. Hizo ni saa mbili na dakika 35, wakati gari kwa barabara ya kilomita 200 laweza kutumia kiasi cha saa tatu. Anayemsafirisha mgonjwa akiambiwa tu kwamba "ndege ni nusu saa" ameshauriwa vibaya, ingawa hakuna aliyemwambia uongo.

6. Pepo za omo

Umbali haubadiliki, bali muda hubadilika, na sababu kubwa ni upepo. Katika miezi ya kusi upepo hutoka kusini na kusini-mashariki. Ndege inayotoka Masasi kuelekea Mtwara huukabili kwa sehemu, nayo inayorudi husukumwa. Tuseme sehemu ya upepo inayoikabili ndege yetu ni kilomita 40 kwa saa. Kwenda, mwendokasi juu ya ardhi utakuwa kilomita 260, na njia itachukua kama dakika 37. Kurudi utakuwa kilomita 340, na njia itachukua kama dakika 28. Ni uwanda wa Makonde tena, kushuka na kupanda, ila mara hii mzigo ni upepo.

Wafasiri wameuita upepo unaoikabili ndege "upepo wa kichwa," na ule wa nyuma "upepo wa mkia." Maneno haya yanatoka moja kwa moja katika Kiingereza, na mzaliwa wa Kilwa au Mikindani hayahitaji. Mabaharia wa pwani yetu walikuwa na pepo za omo kwa upepo unaokikabili chombo, kwa kuwa omo ni sehemu ya mbele ya chombo. Walikuwa na tezi kwa sehemu ya nyuma. Na upepo wa ubavuni waliuita wa matanga kati. Lugha ya anga imekwisha kukopa baharini maneno rubani na abiria, na hakuna aliyelalamika. Yafaa tuendelee kukopa: upepo wa omo, upepo wa tezi na upepo wa ubavuni.

7. Saa: neno lenye ncha mbili

Neno saa ni chombo cha mkononi, ni kipindi cha dakika 60, na ni nukta ya siku. "Ndege ya saa moja" yaweza kuwa ndege iondokayo saa moja asubuhi, au safari inayodumu dakika 60. Wapo wanaotaka kuiondoa shaka kwa wingi wa "masaa," wakisema saa mbili ni wakati na masaa mawili ni muda. Wanasarufi huikataa njia hiyo kwa hoja ya ngeli. Sisi tunaikataa kwa hoja nyingine: haisaidii pale inapohitajika zaidi. "Saa moja" haina wingi, na safari nyingi za ndani ya nchi, mathalani ile ya kilomita zipatazo 400 kutoka Dar es Salaam hadi Mtwara, huzunguka katika hiyo hiyo saa moja. Dawa ni kuandika "muda wa saa moja" kwa kipindi, na "saa moja asubuhi" au "saa moja jioni" kwa nukta ya siku, bila kuacha hata moja ya nyongeza hizo.

Mgogoro wa pili ni wa kuhesabu. Saa yetu huanza na mapambazuko na machweo. Ratiba za ndege huanza usiku wa manane. Na marubani hutumia saa ya dunia, ambayo iko nyuma ya ile ya Afrika Mashariki kwa saa tatu. Kwa hiyo dakika ile ile ambayo mtu wa Lukuledi anaiita saa 1 asubuhi, ratiba inaiita 07.00 na hati ya rubani inaiita 04.00. Mfasiri aliye makini ataandika zote anazozihitaji na kuzitaja kwa majina. Asiye makini atageuza 07.00 kuwa "saa 7," na abiria atafika kiwanjani mchana, wakati ndege imekwisha kutua kwingine zamani.

8. Kiwanja cha mkoa

Neno la mwisho ni lile la mahali penyewe. Umma husema "uwanja wa ndege." Mamlaka inayovisimamia, iliyoanzishwa mwaka 1999, inaitwa Mamlaka ya Viwanja vya Ndege Tanzania. Hapa hatuoni ugomvi mkubwa, kwa kuwa wingi wa viwanja umekwisha kuyakutanisha maneno yote mawili. Kilichobaki ni mwandishi kuchagua moja na kulishika hadi mwisho wa hati yake.

Zaidi ya hilo, kiwanja kinachohudumia eneo la ndani ya nchi kimezoeleka kuitwa "kiwanja cha mkoa." Kwetu mkoa ni mamlaka yenye mipaka. Kiwanja cha Mtwara chaweza kuitwa hivyo, lakini cha Masasi kiko makao ya wilaya, na cha Nachingwea kina asili nyingine kabisa: mji ule ulikuzwa na mpango wa karanga wa Waingereza mwishoni mwa miaka ya 1940, ukajengewa hata reli ambayo ilifungwa mapema katika miaka ya 1960. Na kama neno la asili linahusu kundi la nchi, kama zile za Afrika Mashariki, hapo tafsiri ni kikanda. Ni heri mfasiri aandike kiwanja cha ndege cha ndani ya nchi, kisha ataje mkoa kwa jina lake iwapo unahitajika.

9. Mapendekezo

Kwa muhtasari, tunaliomba Baraza lizifikirie istilahi zifuatazo kwa kusanifiwa:

(a) umbali: urefu wa mstari ulionyooka baina ya mahali pawili;
(b) urefu wa njia: urefu wa barabara, reli au njia ya ndege inayofuatwa;
(c) upeo wa safari ya ndege: umbali wa mwisho ambao ndege huweza kuufikia kwa mafuta yake;
(d) muda wa kuwa angani, muda wa safari ya ndege, na muda wa safari, kama zilivyoelezwa katika sehemu ya 5;
(e) upepo wa omo, upepo wa tezi na upepo wa ubavuni;
(f) maili ya bahari, bila kufupishwa;
(g) muda wa saa kwa kipindi, na saa pamoja na sehemu ya siku kwa wakati.

Yamkini mabaharia wa Mikindani na Lindi wana majina mengine ya pepo, na wakazi wa Newala na Masasi wana maneno ya kutenganisha njia ya kupanda na ya kushuka ambayo kamusi zetu hazijayapata. Wasomaji walio karibu nao, hasa walimu, wanaombwa wayakusanye na kuyaleta pamoja na sentensi ambamo yalisikika, kabla istilahi hizi hazijapitishwa.